Takrima ya Kiti cha Tatu

Ukitoka kwa mlango wa ubavuni wa kasino ya Nyumbu wa Bahati, ule mlango ambao wageni wenye mabegi hawaujui, unakuta benchi ya chuma imeegemea ukuta na kutazama kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Iliwekwa hapo kwa ajili ya wavuta sigara. Wavuta sigara walihamishwa siku nyingi, benchi ikabaki, na watu wa visiwani wakairithi. Hao ni watu wa Hawaii waliokuja Las Vegas mmoja mmoja: huyu kodi ya nyumba kwao ilimshinda, huyu alimfuata dada yake, huyu alikuja likizo ambayo mpaka leo haijaisha. Mchana wakishakula hukusanyika hapo na kupitishiana kahawa ya Mama Kuponi. Kadi yake ya mteja inampa kikombe kimoja cha bure kwa siku. Namna kikombe kimoja kinavyojaza chupa kubwa ya chai ni siri yake na binti wa kaunta, ambaye Mama Kuponi ndiye aliyemfundisha kupika mchuzi wa kuku akaolewa.

Alasiri moja ya Novemba, upepo wa jangwani ukiwa umeanza kuuma masikio, Alvin Texeira alitokea amevaa shati lililopigwa pasi. Lilikuwa la bluu, lenye majani ya mshelisheli, na kola yake ilisimama wima kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Benchi nzima ikamgeukia. Alvin, ambaye wenzake humwita Kobe kwa jinsi anavyocheza karata polepole, alijulikana kwa fulana moja ya kijivu.

— Kuna maziko? akauliza Jenerali.

— Hakuna maziko.

— Harusi?

— Hakuna harusi, bwana.

— Basi umeshtakiwa. Mtu mzima hapigi pasi hivihivi.

Jenerali jina lake ni Rufus Tolentino. Jeshini alikuwa mpishi tu. Cheo amejipa mwenyewe hapo hapo kwenye benchi, na hakuna aliyekikataa kwa kuwa kilimfaa.

— Mwacheni akae kwanza, alisema Mama Kuponi, akimmiminia Kobe kahawa. Mama huyu alipikia watoto wa shule kule kwao Waipahu mpaka akastaafu, na bado huwagawia watu vinywaji kana kwamba wamepanga foleni. — Sema, kaka. Kuna nini?

Kobe alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Leimomi anakuja leo.

Wote walimjua Leimomi kwa sauti. Ni binti yake Kobe, muuguzi huko Hilo visiwani, anayempigia baba yake simu kila Jumapili, na simu hiyo husikiwa na benchi nzima kwa vile Kobe huamini kwamba mtu aliye mbali lazima apigiwe kelele. Lakini kwa sura hawakumjua. Yeye na baba yake hawakuwa wameonana tangu walipomzika mama yake Leimomi.

— Anakuja kukaa? aliuliza Mahesabu, wa nne wao, aliyekaa ukingoni mwa benchi.

— Usiku mmoja tu. Anakwenda Denver kwenye kozi. Kapindisha safari ili apite hapa.

— Kapindisha safari! alisema Mama Kuponi. Mtoto mzuri huyo. Mtakula wapi?

— Ghorofani.

Wakatazamana. Ghorofani, juu kabisa ya Nyumbu wa Bahati, ndiko kwenye mkahawa wa nyama, wenye vitambaa vyeupe na mwanga hafifu. Katika wote wanne, aliyewahi kuingia humo ni Mama Kuponi peke yake, na aliingia akitafuta choo.

— Jumapili aliniuliza swali, Kobe akaendelea. Aliniuliza, "Baba, huko una watu?" Hivyo tu. Sasa mimi ningemjibu nini? Nikamwambia, mwanangu, nyumba hii nzima ya kasino inanijua. Nikiingia nakaribishwa kwa jina. Nikamwambia, ukija tutakula ghorofani, na baba yako hatatoa senti. Nyumba itatoa.

— Na nyumba inajua? aliuliza Mama Kuponi.

Kobe akanywa kahawa.

— Bado.

Jenerali akacheka mpaka akashika magoti. Mahesabu hakucheka. Jina lake ni Dexter Uyehara. Alisoma mita za maji maisha yake yote, na jambo lolote lenye namba humtia simanzi kidogo.

— Kobe, ndugu yangu, alisema. Wewe unacheza karata za ishirini na moja kwa dola tano.

— Najua.

— Meza ya chini kabisa.

— Dexter, najua ninapokaa.

Alijua sana. Alipoanza kucheza, Mahesabu mwenyewe ndiye aliyemweleza takrima inavyokwenda. Ukikaa mezani unatoa kadi yako ya mteja. Msimamizi anakutazama, anaandika unaweka dau kiasi gani na umekaa kwa muda gani. Mashine yao inakisia watakula pesa zako kiasi gani, na katika hicho watakachokula, punje chache wanakurudishia: chakula, kinywaji, chumba. Mwenye dau kubwa hurudishiwa chumba chenye beseni la kuogea. Kobe, kwa miaka yote, alikuwa amepata mikate ya nyama, supu, na siku moja mwavuli, katika mji ambao mvua ni habari ya kusimuliana.

Ila kulikuwa na wakati ambapo hata mkate wa nyama ulikuja kwa heshima. Msimamizi wa zamani, mtu mnene mwenye kicheko, alikuwa akimwita "Mjomba Alvin," akiuliza hali ya goti lake. Mtu huyo alihamia Reno. Aliyeshika nafasi yake ni kijana mwenye tai nyembamba.

— Jana nilimwomba huyo kijana, alisema Kobe, akiangalia chini. Nikamwambia, bwana mdogo, kesho nina mgeni, naomba chakula cha watu wawili ghorofani. Akatazama kioo cha kompyuta yake. Hakunitazama mimi. Akamgeukia mwenzake akasema, "Kiti cha tatu, mpe tikiti ya chapati za maji."

— Kiti cha tatu! Jenerali akaruka. Mtu mzima, baba wa mtu, anaitwa kiti!

— Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu.

— Hata kama!

Mahesabu akakohoa.

— Kwa nini usilipe tu? Nyama ni nyama.

Kobe alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Akalijibu taratibu.

— Pesa ya kulipa ninayo. Lakini nikilipa, atamwona mzee aliyenunua nyama. Atarudi kwao akiwaza, baba yangu yuko peke yake jangwani, anacheza kamari. Nikiletewa na nyumba, atajua kuna mahali ninapojulikana. Nimemwambia achukue teksi, anikute mezani. Ninachotaka ni kitu kimoja tu. Msimamizi aje mbele yake aseme, "Bwana Texeira, meza yenu iko tayari." Basi. Hata nyama wakiiunguza.

 Basi lilipita, likamwaga watu, likaondoka.

— Haya, alisema Mama Kuponi. Tumsaidie mwenzetu. Mimi nasema arudi akaombe tena, kwa adabu. Chakula huombwa kabla hujainuka mezani, si baada. Na usianzie juu. Omba kidogo, kesho omba kidogo zaidi.

— Mama, hana kesho, alisema Mahesabu. Ana leo. Kwa hiyo ni suala la muda. Sikiliza, Kobe. Wao wanahesabu saa ulizokaa. Mikono uliyocheza, kila ugawaji wa karata, wanaikisia tu. Kaa meza iliyojaa watu. Tafuta mgawaji karata mwanafunzi, yule binti anayehesabu kwa midomo. Kaa karibu na mgeni anayesimulia habari za wajukuu. Kila neno lake ni karata ambayo hujacheza, na saa inatembea.

— Hayo ninayafanya.

— Nenda choo.

— Ninakwenda.

— Nenda zaidi! Acha tokeni zako za dau mezani, nenda ukanawe mikono kama daktari. Kiti kinakuhesabia wewe ukiwa msalani.

— Na usikae ile meza mpya, aliongeza Mama Kuponi, ile inayokupunja malipo ukipata ishirini na moja ya papo hapo. Hiyo ni ya wageni.

Jenerali alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikiliza watoto.

— Mnacheza, alisema. Mambo haya yanataka akili ya vita. Kobe, yule kijana akikutazama, weka ishirini na tano. Akigeuka, rudi kwenye tano yako. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Methali hiyo si ya hapo, alisema Mama Kuponi.

— Yeye hayupo, na dau langu halipo. Ya hapo ni ipi nyingine?

— Na wahenga gani waliocheza karata?

— Na mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Mkahawa uko ghorofani, Jenerali.

— Basi aruke!

Kobe akacheka bila kutaka, kahawa ikamrukia kidoleni. Akajifuta haraka asichafue shati.

— Ishirini na tano ni nyingi, alisema. Karata zikinigeuka mara tatu nimekwisha.

— Ndiyo hapo, alisema Mama Kuponi, na safari hii hakutania. Ukilifuata bakuli la bure kwa dau kubwa, utakula nyama ghali kuliko ng'ombe mzima. Takrima unaiokota njiani, kaka. Huifungii safari.

— Nimeshafunga safari, shangazi. Nilimwambia mtoto.

Mama Kuponi akammiminia tena, ingawa kikombe hakikuwa tupu.

Jenerali aliona nafasi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa mfuko wa plamu kavu za chumvi na sukari, zile zinazomkunja mtu uso mpaka masikio yasogee. Kila moja ilikuwa imesokotwa katika karatasi yake nyekundu.

— Mkono mtupu haulambwi. Nilizinunua asubuhi. Mpelekee kijana.

— Unataka amhonge msimamizi kwa peremende? aliuliza Mahesabu.

— Hongo gani? Ni adabu. Kwetu unamwendea mtu mikono mitupu?

— Yule ni mtu wa bara. Ataiweka mdomoni aite gari la wagonjwa.

— Vizuri! Akiwa hospitali, msimamizi mwingine atashika zamu. Samaki mkunje angali mbichi!

— Hata hiyo si ya hapo, alisema Mama Kuponi, lakini akaacha kubishana.

Tangu hapo mambo yalipanda. Jenerali alipendekeza asimame nyuma ya Kobe na miwani myeusi, asiseme kitu, awe anapokea simu na kujibu kwa sauti, "Mwambieni bosi wenu Bwana Texeira leo haji kwenu, yuko Nyumbu." Mahesabu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kiasi, akaambukizwa. Alisema Kobe afunge mkono wa kulia kwa bendeji acheze kwa wa kushoto, kwani mkono wa kushoto hupunguza mwendo kwa theluthi. Jenerali akasema kama ni bendeji, basi afunge na kichwa. Mahesabu akasema kichwa kitavuta macho ya kamera. Jenerali akasema kamera ndizo anazozitaka, kwa kuwa huko juu, nyuma ya kamera, kuna bibi mmoja mzee anayeamua kila takrima ya mji huu, na bibi huyo ana huruma.

— Umemwona wapi? aliuliza Mama Kuponi.

— Haonekani. Ndiyo maana anadumu.

— Mungu wangu.

— Na yote yakishindikana, Kobe aanguke.

— Aanguke!

— Kutoka kitini. Taratibu. Nyumba haiwezi kumwacha mtu aliyeanguka ndani mwake bila kumlisha. Nilimwona jamaa wa Maui, kaanguka mbele ya mashine za sarafu, kaamka na vyumba viwili na kamba wa kuchoma.

— Alivunjika nyonga, alisema Mahesabu.

— Lakini alikula! Angalieni, mguu huu unautanguliza, bega linalegea...

Jenerali akajitupa kutoka ukingoni mwa benchi kuwaonyesha. Kwa bahati mbaya wakati huohuo mama mmoja mfupi alikuwa anapita na begi la magurudumu, amebeba boksi la keki lililofungwa kwa uzi mwekundu na mweupe. Jenerali alitua miguuni pake. Mama akaliinua boksi juu ya kichwa, akasubiri amalize kuanguka.

— Samahani, akasema. Basi la uwanja wa ndege linasubiriwa hapa?

Matamshi yake ya visiwani yakawafanya wote wasogee.

— Kauai! alisema Mama Kuponi.

— Kauai, mama akakubali.

— Kituo ni pale ng'ambo, shangazi, lakini pale upepo utakutoa macho. Kaa hapa. Basi utaliona likikata kona. Jenerali, inuka, mpishe mgeni.

Alikaa, boksi mapajani. Akapewa kahawa, akaipokea kwa mikono miwili. Akawaeleza kwamba alikuja kumwona mwanawe, sasa anarudi nyumbani. Keki ni za majirani. Kisha, kama ilivyo desturi ya benchi hiyo, naye akaelezwa shauri lililopo. Kila mtu alieleza kipande chake. Mahesabu alieleza muda na mikono. Jenerali alieleza bendeji na bibi wa kamera. Kobe alieleza ghorofani, vitambaa vyeupe, na nyama inayokatwa nene kama kitabu.

Mama wa Kauai alisikiliza bila kuwakatiza, akinywa kahawa kidogokidogo. Walipomaliza akamgeukia Kobe.

— Na binti mwenyewe, anapenda kula nini?

Hapakuwa na ubaya katika swali hilo. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Jenerali ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

— Nyama! Nani hapendi nyama?

— Wapo, alisema mama.

— Muuguzi anahitaji damu, alisema Mahesabu, lakini alilisema kwa wasiwasi, hakuendelea.

Wote wakamtazama Kobe. Kobe akatazama barabara. Alikuwa akitafuta kichwani, na alichokipata kilikuwa meza ya jikoni kule Hilo, na mtoto wa miaka sita aliyekataa majani ya vitunguu kwenye supu, akiyatoa moja moja na kuyapanga ukingoni mwa bakuli kama askari wa kijani. Mama yake alimgombeza. Yeye Kobe aliyala yale majani yote, moja moja, ili bakuli liwe safi. Baada ya hapo kulikuwa na zamu za usiku bandarini, kisha kuachana, kisha simu za Jumapili. Katika simu hizo alimuuliza habari za kazi, na za gari, na za paa linalovuja. Aliona waziwazi kwamba yule mtoto wa supu sasa lazima alikuwa na nywele za mvi mbili tatu, na kwamba yeye hakujua anakula nini asubuhi.

— Sijui, alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza benchi ile kusikia neno hilo.

— Mpigie, alisema Mama Kuponi kwa upole.

— Yuko angani.

Mama wa Kauai aliweka kikombe chini.

— Sikuuliza kwa nia mbaya, akasema. Ni kwa sababu ya mwanangu. Juzi alinipeleka kula kaa. Wa bure, kadi yake ilimpa. Kaa wamerundikwa kama mawe ya ukuta. Alikuwa na furaha huyo, kila mara ananiuliza, "Mama, umeona? Umeona?" Nami kaa wananivimbisha mdomo. Alikuwa hajui. Nikaona haya kumwambia, nikala mkate. Alinisindikiza mpaka mlangoni akidhani nimeshiba.

— Ungemwambia tu, alisema Jenerali.

— Angeniuliza tu, alisema mama, na akatabasamu.

Upepo ukapita, ukageuza kurasa za kuponi kwenye mkoba wa Mama Kuponi.  Kobe akafungua kifungo cha kola. Akawaza jinsi Leimomi angeingia na begi lake katika kelele za mashine, akiuliza watu, akimtafuta baba yake mgongoni mwa wageni. Na yeye, kiti cha tatu, asiweze kugeuka, kwa kuwa kijana wa tai nyembamba yupo anaandika.

— Shangazi, akamwambia mama wa Kauai, basi lako hilo, linashusha watu karibu na wanapotokea wa kutoka Honolulu, anakopitia mwanangu?

— Linashusha mlango uleule.

Mama Kuponi hakungoja asikie zaidi.

— Jenerali, lete hizo plamu.

— Za msimamizi?

— Lete! Binti ametoka Hilo, baba yake yuko hapa hai mzima, apokelewe shingo tupu, bila shada? Tunahitaji uzi.

Uzi haukuwepo. Mama wa Kauai akalitazama boksi lake la keki, akafungua fundo kwa kucha, akauvuta ule uzi mwekundu na mweupe mpaka mwisho, akampa. Boksi akalibana kwapani. Mama Kuponi akaanza kufunga plamu, moja baada ya nyingine, kwa zile ncha za karatasi zilizosokotwa, vidole vyake vikienda kwa kasi ya mtu aliyewahi kutengeneza mashada ya watoto mia wanaohitimu. Mahesabu akampa plamu moja moja. Alikuwa akizihesabu, lakini kimoyomoyo.

— Na kiti cha tatu? aliuliza Jenerali. Nikakulindie?

— Kiache kipoe, alisema Kobe.

— Na ghorofani?

— Nitamuuliza yeye. Akitaka nyama tutakula nyama, nitalipa. Akitaka supu, tikiti za supu ninazo.

— Je, akitaka chapati za maji?

— Hizo ninazo pia, alisema Kobe, na hapo wote wakacheka, hata mama wa Kauai, ambaye alikuwa amesimama na kuangalia kona.

— Linakuja, akasema.

Basi lilikuwa limekata kona. Mama akavuta begi lake, akavuka barabara mbele. Kobe hakuweza kwenda. Shada lilikuwa bado wazi, plamu zikining'inia pande mbili, na Mama Kuponi ameshika ncha za uzi kwa meno.

— Ngoja, alisema kwa meno yaliyobana.

— Limefika, shangazi.

— Ngoja. Fundo bovu litamwaibisha mtoto.

Ng'ambo ya pili mama wa Kauai alipanda ngazi, akaliweka begi mlangoni makusudi, katikati kabisa, akaanza kumweleza dereva habari ndefu. Mama Kuponi akakaza fundo, akakata uzi uliozidi, akamtundikia Kobe shada shingoni mwake mwenyewe ili lisipondwe.

— Kimbia!

Watu hawa walikuwa wamemjua Alvin Texeira kwa miaka mingi. Walikuwa wamemwona akiwaza karata moja mpaka kahawa ya jirani ikapoa. Hawakuwa wamewahi kuona soli za viatu vyake. Waliziona siku hiyo. Alikimbia huku ameshika goti kwa mkono mmoja na shada kwa mwingine, shati la majani ya mshelisheli likipepea mgongoni, magari yakimpigia honi.

— Kobe! alipiga kelele Jenerali, amesimama juu ya benchi, mikono hewani. Haraka haraka haina baraka! Kaza mwendo!

Kobe akaufikia mlango. Mama wa Kauai akavuta begi lake ndani, akamaliza habari yake na dereva palepale katikati ya sentensi. Walikaa kiti cha mbele. Basi liliposogea, Kobe, akihema, akafuta kioo kwa kiganja na kutazama nyuma. Mama Kuponi alikuwa ameipindua chupa ya kahawa. Tone moja tu likadondoka. Lakini hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani. Aliiweka chupa chini ya benchi, akawaashiria wale wawili kwa mkono: sogea, sogea tena, hapana, zaidi. Jenerali alisogea akilalamika. Mahesabu alibaki nusu ukingoni, mguu mmoja nje. Mama Kuponi akapiga kwa kiganja ile nafasi iliyopatikana, akapima kwa macho kama inatosha watu wawili.

Kobe akageuka mbele. Plamu zilimkwaruza shingo.

— Leimomi, alisema taratibu, unapenda kula nini?

— Unamuuliza kama polisi, alisema mama wa Kauai. Rudia.

Akarudia.